Mtoto wa jicho: Sekunde chache zinazoweza kuunguza konea, na kwa nini mgonjwa wa Kindu hana pa kukimbilia

Kindu. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni miongoni mwa upasuaji wenye mafanikio makubwa zaidi duniani. Mgonjwa huingia chumbani akishikwa mkono, na kesho yake, bandeji ikitolewa, mara nyingi anaweza kuhesabu vidole vya anayemtibu. Hata hivyo, ndani ya dakika hizo chache ipo hatari ambayo wagonjwa wengi hawajawahi kuisikia ikitajwa: jicho linaweza kuungua.

Haliungui kwa moto wala kwa leza. Linaunguzwa na joto la sindano ya mashine inayovunja mtoto wa jicho, pale sindano hiyo inapoendelea kutetemeka huku maji ya kuipooza yamekatika. Kinachoungua ni konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, chenye unene wa takriban nusu milimita tu.

Tukio hili ni nadra. Tafiti zilizofanywa Marekani na Kanada, ambako mashine hizo zimetumika kwa miongo mingi, zilikadiria tukio moja au pungufu katika kila upasuaji 1,000. Kwa mtu wa Toronto hiyo ni habari njema. Kwa mkazi wa Kasuku, mjini Kindu, swali la maana ni lingine: jicho hilo moja likiungua, litapelekwa wapi?

Kasuku, komini yenye jina la ndege anayejua kusema, iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, ambao huku juu bado unaitwa Lualaba. Mikelenge iko upande huohuo. Alunguli iko ng’ambo, na mgonjwa anayetoka huko kufuata matibabu upande wa pili lazima kwanza avuke mto. Reli ya Kindu inaelekea kusini, hadi Kabalo na kuendelea Katanga, kwa safari inayohesabiwa kwa siku na si kwa saa. Hakuna anayeweza kupanga miadi ya daktari kwa kuitegemea. Upande wa kaskazini mto unapitika hadi Ubundu, kisha maporomoko yanalazimisha watu na mizigo kuhamia nchi kavu ili kufika Kisangani. Njia ya haraka ya kufika Kinshasa au Lubumbashi ni ndege, na nauli yake si jambo la mtu mmoja. Ni la ukoo mzima.

Konea iliyoharibika kabisa hutibiwa kwa kupandikizwa nyingine, inayotolewa kwa mtu aliyefariki. Vituo vinavyofanya kazi hiyo Afrika Mashariki ni vichache mno, na kimojawapo ni Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst jijini Nairobi. Mtu aliyeuza mbuzi wawili ili apate gharama za upasuaji wa kwanza hafiki huko. Ndiyo maana, kwa mji kama Kindu, mazungumzo kuhusu konea iliyoungua lazima yaanzie mbali kabla ya kufika kwenye tiba.

Maji yanaposimama

Mashine yenyewe ina historia ya kufurahisha. Mwaka 1967 daktari wa macho wa New York, Charles Kelman, alichapisha njia mpya ya kuondoa mtoto wa jicho kupitia tundu dogo. Wazo lilimjia akiwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa meno kwa chombo kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Kama kinaweza kubandua ukoko kwenye jino bila kuling’oa, alijiuliza, kwa nini kisivunje lenzi iliyoganda bila kuharibu jicho? Jina la kitaalamu la njia hiyo ni refu. Madaktari hulifupisha na kuiita fako.

Katika fako, daktari hukata tundu la milimita mbili hadi tatu pembeni mwa konea. Hupitisha hapo sindano yenye uwazi katikati, iliyovikwa ganda laini la silikoni. Sindano hutetemeka takriban mara 40,000 kwa sekunde na kusaga lenzi, kisha vipande hufyonzwa kupitia uwazi wake. Wakati huohuo maji ya chumvi huingia jichoni yakipita kati ya sindano na ganda. Maji hayo yana kazi mbili. Yanazuia jicho lisinywee, na yanaipooza sindano. Aliyewahi kumtazama fundi akikata vigae kwa msumeno wa umeme huku akiumwagia maji ameshaelewa.

Maji yanaweza kusimama kwa sababu za kawaida kabisa. Chupa imekwisha na hakuna aliyeitazama. Mpira wa maji umejikunja. Tundu limekatwa dogo kuliko sindano, kingo zake zikalibana ganda la silikoni. Kipande kigumu cha lenzi kimeziba mdomo wa sindano.

Lakini sababu inayojirudia zaidi katika maandishi ya wataalamu ni jeli. Kabla ya kuanza kuvunja, daktari hujaza sehemu ya mbele ya jicho kwa jeli nzito ili kulinda upande wa ndani wa konea. Ni kinga nzuri, ila jeli hiyohiyo inaweza kuziba sindano. Daktari akikanyaga kwa nguvu ya kuvunja kabla ya kufyonza jeli kidogo na kufungua njia, maji hayaingii wala hayatoki, na sindano inapata moto papo hapo.

Konea imejengwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Zikifika joto la takriban digrii 60 za Selsiasi husinyaa, kama nyama inavyojikunja ikigusa kikaango. Haichukui dakika. Nguvu ikiwa kamili na maji yamekatika, sekunde chache zinatosha. Na mgonjwa hasikii chochote, kwa kuwa jicho limetiwa ganzi. Hawezi kupiga kelele kumwonya daktari.

Anayeweza kuonya ni jicho la daktari mwenyewe kupitia darubini ya upasuaji. Dalili ya mwanzo ni ukungu mweupe mfano wa maziwa unaotokea kuzunguka ncha ya sindano. Ukungu huo una maana moja: lenzi inasagwa lakini haifyonzwi, yaani maji hayaendi. Mguu ukitolewa hapohapo, konea huwa bado salama. Mguu ukibaki, kingo za tundu huanza kugeuka nyeupe, konea inajikunja kwa mistari, na tundu linaachama kama mdomo wa samaki. Hapo uharibifu umeshafanyika.

Kuzuia, kwa hiyo, ni kazi ya kabla na ni kazi ya mikono zaidi ya mmoja. Pedali ya mashine ina hatua tatu: ya kwanza inaleta maji, ya pili inafyonza, ya tatu inatetemesha sindano. Daktari aliyefundishwa vizuri hukaa kwenye hatua ya pili mpaka aone jeli imepisha, ndipo aende ya tatu. Kabla ya kuingia jichoni huijaribu mashine nje, aone maji yanatiririka na kufyonzwa. Nguvu huitoa kwa vipindi vifupi, si mfululizo, ili sindano ipate nafasi ya kupoa. Tundu hulipima lilingane na sindano aliyonayo, na si ile iliyoandikwa kitabuni. Muuguzi naye ana kazi: kuitazama chupa, na kudondoshea maji baridi ya chumvi kwenye mdomo wa tundu. Mashine nyingi hutoa mlio unaobadilika sindano inapoziba. Chumba chenye kelele za mazungumzo hakiusikii.

Kigumu kama kokwa

Kuna aina ya mtoto wa jicho inayoongeza hatari hii kuliko nyingine zote, na ndiyo inayotarajiwa sana mahali ambapo huduma iko mbali. Lenzi inayoanza kupata ukungu huwa laini. Ikiachwa miaka hubadilika rangi, ikawa ya njano, kisha kahawia, na hata nyeusi, na ugumu wake huongezeka kwa kiasi hichohicho. Mkazi wa mji mkubwa huja hospitali anaposhindwa kusoma ujumbe kwenye simu. Mkulima wa vijiji vinavyozunguka Kindu, ambaye hana daktari wa macho karibu, mara nyingi huja pale anaposhindwa kuiona njia ya shambani. Kati ya hatua hizo mbili inaweza kupita miaka kumi.

Lenzi ya kahawia inadai nguvu nyingi za mashine kwa muda mrefu, na nguvu nyingi ni joto. Joto si madhara pekee. Mtetemo wenyewe huzichosha seli zilizo upande wa ndani wa konea, ambazo kazi yake ni kusukuma maji nje ili kioo kibaki angavu. Seli hizo zikifa hazizaliwi tena. Zikipungua mno, konea hujaa maji, ikawa na ukungu na malengelenge yenye maumivu. Mgonjwa aliyekuja kuondolewa ukungu mmoja anarudi nyumbani na mwingine.

Hapa ndipo inapofaa kusema wazi jambo ambalo matangazo ya hospitali za kibinafsi huwa hayasemi. Mashine si lazima iwe bora kwa kila jicho.

Njia ya mkono

Katika sehemu kubwa ya Afrika, na hasa miji iliyo mbali kama Kindu, mtoto wa jicho huondolewa zaidi kwa mkono. Daktari hukata njia fupi inayopita kwenye weupe wa jicho, yenye upana wa milimita sita au saba, iliyochongwa kwa namna ya kujifunga yenyewe bila mshono. Lenzi hutolewa ikiwa nzima, na lenzi bandia ya plastiki huwekwa mahali pake. Hakuna sindano inayotetemeka, kwa hiyo hakuna joto lake. Ugumu wa lenzi haumtishi sana anayeijua kazi hii. Kokwa hutoka kama lilivyo.

Njia hii ilikuzwa na madaktari wa Asia waliokuwa na tatizo lilelile la Kindu, yaani wagonjwa wengi, milima au mito katikati, na fedha kidogo. Nchini Nepal, daktari Sanduk Ruit na wenzake, akiwemo Mmarekani Geoffrey Tabin, waliilinganisha na fako katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Wagonjwa walikuwa 108, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi sita, asilimia 89 ya waliopasuliwa kwa mkono waliona vizuri bila miwani kwa kiwango kilichowekwa, dhidi ya asilimia 85 ya waliopasuliwa kwa mashine. Walipopewa miwani, makundi yote mawili yalifika asilimia 98. Upasuaji wa mkono ulichukua wastani wa dakika 9, ule wa mashine zaidi ya 15. Vifaa vya mkono viligharimu dola 15 kwa mgonjwa, vya mashine dola 70. Na siku ya kwanza baada ya upasuaji, konea zilizovimba zilikuwa nyingi zaidi kwa waliopitia mashine.

Inafaa kukumbuka kwamba waliofanya kazi hiyo walikuwa wapasuaji hodari kuliko kawaida. Bado, kwa mwenye kuamua nini kinunuliwe kwa ajili ya Maniema, takwimu hizo zina uzito kuliko picha za vipeperushi.

Mashine ya fako ikifika kama zawadi, huja na madai ambayo hayaandikwi kwenye cheti cha zawadi. Inahitaji mipira ya maji, maganda ya silikoni na sindano kwa kila mgonjwa au kwa wagonjwa wachache. Vitu hivyo vikiadimika hurudiwa, na ganda lililopitishwa kwenye joto la kutakasia vifaa mara nyingi hulegea au kuchanika, likaacha kupitisha maji kama inavyotakiwa. Inahitaji fundi. Inahitaji umeme usioyumba, na umeme wa Kindu haujulikani kwa sifa hiyo. Umeme ukikatika mashine haiunguzi, kwa kuwa na mtetemo unakatika. Lakini daktari anabaki na lenzi iliyovunjwa nusu ndani ya jicho la mtu, na kama hajui kumalizia kwa mkono, mgonjwa yuko taabani. Kwa sababu hiyo, kwenye chumba kisicho na daktari anayemudu njia ya mkono, fako haifai kuanzishwa kabisa.

Njia ya mkono nayo haikosi moto wake mdogo. Kabla ya kuchonga weupe wa jicho, daktari hukausha mishipa midogo ya damu kwa kuigusa na chombo cha moto. Kwingine ni chombo cha umeme kinachofanya kazi kwenye unyevu, ambacho ni salama zaidi. Kwingine bado ni kidude cha chuma chenye kichwa cha duara kinachopashwa kwenye taa ya spiriti. Kikiwa chekundu mno, au kikikaa mno sehemu moja, weupe wa jicho husinyaa, kingo za njia hazikutani sawasawa, na umbo la konea linavutwa upande. Mkono mwepesi na moto wa kiasi ndiyo kinga yake. Vivyo hivyo vyombo vilivyotoka sasa hivi kwenye mvuke wa kutakasia. Siku ya kampeni, foleni ikiwa ndefu mlangoni, haraka ya kuvitumia kabla havijapoa ni kishawishi cha kweli.

Na kuna kuungua kusiko na joto. Iodini ya asilimia 5 inayodondoshwa jichoni kabla ya upasuaji ni kinga kubwa dhidi ya vijidudu. Iodini ya kunawia mikono, iliyochanganywa na sabuni, si dawa hiyo hata kama chupa zinafanana. Ikiingia jichoni huunguza ngozi ya konea. Dawa ya kusafishia ngozi iitwayo klorheksidini imewahi kuharibu konea kwa namna hiyo katika hospitali za nchi tajiri. Chupa isiyo na karatasi ya jina haina nafasi kwenye meza ya upasuaji wa macho.

Likishaungua

Jambo la kwanza ni kuacha. Mguu unatoka kwenye pedali, sindano inatolewa, maji baridi ya chumvi yanamwagwa juu ya kidonda. Daktari hutafuta maji yalikwama wapi kabla ya kufikiria kuendelea. Kama kuungua ni kudogo na lenzi bado imo ndani, haendelei kupitia tundu lilelile. Hulifunga na kukata lingine mahali pengine, au anahamia njia ya mkono. Kung’ang’ania tundu lililoungua ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Kisha inakuja kazi ngumu ya kufunga. Tundu la kawaida la fako hujifunga kwa kuvimbishwa kingo zake kwa maji. Lililoungua halikubali, kwa kuwa nyama yake imesinyaa na haitoshi tena kufunika. Linahitaji kushonwa kwa nyuzi za nailoni zilizo nyembamba kuliko unywele, na hapa ipo hila ya ufundi: daktari akivuta sana ili kingo zikutane, konea inapinda na mgonjwa anaona vitu vimevutika upande mmoja. Akilegeza, maji ya jicho yanavuja. Wapasuaji wengi hupendelea kushona kwa kulaza uzi sambamba na kidonda, washike nyama ya chini bila kuivuta ya juu. Kisha hudondosha rangi ya fluoreseini na kutazama kama kuna mchirizi unaovuja. Hawamalizi kazi mpaka mchirizi huo ukome.

Kidonda kikigoma kabisa, kuna gundi maalumu ya tishu pamoja na lenzi laini ya kufunika juu, au kipande cha tishu ya mtu aliyefariki kinachoshonwa kama kiraka. Vitu hivyo havipatikani kila mahali, ndiyo sababu daktari anayefanya kazi mbali na maghala huhitaji kuwa na nyuzi za kutosha na mkono wa kushona, hata kama njia anayoitumia husifiwa kwa kutohitaji mshono.

Wiki zinazofuata ni za dawa za matone, za kuzuia vijidudu na za kupunguza uvimbe, na za kupima presha ya jicho. Konea nyingi zilizoungua kidogo hupona, zikaacha kovu pembeni na tatizo la kuona lililopinda ambalo miwani hurekebisha kwa sehemu. Miwani hiyo hupimwa baada ya konea kutulia, na hilo linaweza kuchukua miezi.

Mdomo hadi mdomo

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 94 duniani wana upungufu wa kuona mbali au upofu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mwaka 2021, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulijiwekea lengo la kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wanaohitaji upasuaji huo ambao wanaupata na kuona vizuri. Maneno ya mwisho ndiyo muhimu. Idadi ya waliopasuliwa haitoshi. Inahesabiwa idadi ya wanaoona.

Kasuku inahesabu hivyohivyo, bila takwimu. Bibi aliyerudi kutoka upasuaji akimtambua mjukuu wake mlangoni huwaleta majirani wanne kwenye kampeni inayofuata. Aliyerudi na jicho jeupe, linalotiririka machozi na kuuma usiku, huwazuia ishirini. Hakuna tangazo la redio linaloweza kushindana na jicho hilo.

Kwa hiyo familia ina haki ya kuuliza maswali, na munganga, kama daktari anavyoitwa huku, hapaswi kuyaona ni utovu wa adabu. Ni njia gani itatumika, ya mkono au ya mashine? Lenzi ya mzee ni ngumu kiasi gani? Kama ni mashine, daktari ataweza kumalizia kwa mkono ikibidi? Nani atalitazama jicho kesho, na nani baada ya mwezi, timu ya wageni ikiwa imeshapanda ndege? Wengine huulizia upasuaji “wa leza”, wakidhani ndiyo fako. Si hivyo, na anayewauzia fako kwa jina hilo anawauzia jina.

Nyumbani nako kuna hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa 103 wenye vidonda vya konea nchini Tanzania ulikuta kwamba robo yao vidonda vilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Jicho lililotoka kupasuliwa, lenye kidonda kinachojaribu kufunga, halivumilii maji ya majani hata yakitolewa kwa mapenzi. Shangazi anayeyaleta hana nia mbaya. Anapaswa kuelezwa mapema, mbele ya mgonjwa, kabla hajafika nayo.

Jicho linalouma kuzidi siku baada ya siku, linalozidi kuwa jekundu, linalomwaga maji ya uvuguvugu shavuni, au linaloona kidogo kuliko jana, lirudishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa anayeishi Kasuku hilo ni mwendo wa pikipiki. Kwa wa Alunguli ni kuvuka mto, na usiku si rahisi kupata wa kukuvusha, kwa hiyo baadhi ya familia hufanya la busara: mgonjwa analala kwa ndugu wa upande ilipo hospitali kwa wiki ya kwanza.

Zinabaki nyuzi. Nailoni iliyoshonwa kwenye konea iliyoungua hukaa wiki nyingi kabla ya kutolewa, na isipotolewa inaweza kulegea au kukatika baadaye, hata baada ya mwaka, ikabaki kama mwiba usioonekana kwa macho. Jicho linakuwa jekundu tena, na vijidudu hupata mlango. Kuutoa ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye kioo cha kukuza, tone la ganzi na sindano safi. Muuguzi wa macho aliyefundishwa anaweza kuifanya hapohapo Kindu, mradi awe anajua kwamba uzi upo, na hilo atalijua tu kama aliyeushona aliliandika kwenye karatasi ya mgonjwa kabla ya kuondoka.